Presha, joto na gesi ndani ya maji: jaribu mwenyewe hatua kwa hatua

Jambo lenyewe ni hivi: ukiongeza presha gesi inaingia kwenye maji, ukiongeza joto gesi inatoka. Hiyo kila aliyepita darasa la kemia anaweza kukutajia hata ukimwamsha usiku wa manane. Kasheshe inaanza pale anapotakiwa kuitumia, maana hapo ndo utamkuta anashangaa mbona soda imeisha gesi na aliisukumia hewa kabla ya kuifunga, au mbona samaki wanahema juu ya maji alfajiri wakati jana mchana walikuwa wazima kabisa. Kwa hiyo humu tutaenda kwa mikono, majaribio madogo ya mezani kwanza, alafu hesabu mbili tatu, alafu tutokee kwenye mambo makubwa, na njiani kuna swali moja ntalirudia mpaka ulichoke: presha ya gesi ipi?

Vitu vya kuandaa

Hamna cha ajabu. Tafuta sirinji kubwa ya plastiki isiyo na sindano, ya mililita 50 au 60 ndo nzuri, ukikosa hata ya 20 inafaa ila itabidi ukodoe macho. Chupa nne za plastiki za soda nyeupe au maji ya gesi, zilingane ukubwa na ziwe hazijafunguliwa, nyeupe kwa sababu tunataka kuona ndani. Maputo mawili, mabakuli mawili, barafu, sufuria, kipimajoto kama unacho, na mzani wa dijitali wa jikoni unaosoma mpaka gramu moja, ukipata unaosoma nukta ya gramu ndo raha zaidi. Chupa za kioo achana nazo kabisa kwenye majaribio haya, sababu utaiona tukifika kwenye hesabu.

Hatua ya 1: vuta, sukuma, angalia

Fungua soda moja taratibu, vuta kwenye sirinji kama robo ya ujazo wake, elekeza mdomo juu, gonga gonga na kidole hewa ipande, alafu sukuma mpaka soda yenyewe ifike mdomoni. Ziba mdomo kwa kidole gumba, kaza kweli kweli. Sasa vuta pistoni kwa nguvu uishikilie hapo. Viputo vitachipuka kila mahali, kwenye kuta, kwenye ile raba nyeusi ya pistoni, kwenye mkwaruzo wowote wa plastiki, na ukiangalia kwa karibu utaona vinatokea sehemu zile zile, kimoja kikipanda kingine kinazaliwa pale pale. Hujaipasha moto wala hujaitikisa, ulichofanya ni kupunguza presha tu.

Alafu geuza, sukuma pistoni. Viputo vikubwa vinanywea, vidogo vinapotea. Hapa mjanja mmoja atasema si umevibana tu, gesi ikibanwa inapungua ukubwa, na ni kweli, sehemu ya unachokiona ni kubanwa. Kutofautisha ni rahisi: achia pistoni irudi yenyewe bila kuondoa kidole. Utakuta haikurudi pale ilipoanzia, kuna nafasi ya gesi juu ya soda ambayo mwanzo haikuwepo, hiyo ndo iliyotoka ndani ya kimiminika. Sasa isukume tena kwa nguvu na uitikise huku umeibana kama dakika nzima, utaona ile nafasi inapungua, gesi inarudi ndani.

Kinachoendelea ni kwamba pale juu ya maji muda wote kuna molekuli za gesi zinaingia na nyingine zinatoka, hamna sekunde ya kupumzika. Presha ya gesi ikiwa mara mbili, molekuli zinazogonga uso wa maji kwa sekunde zinakuwa mara mbili, kwa hiyo zinazoingia zinazidi zinazotoka, mpaka ndani kujae kiasi cha kutosha ili zinazotoka nazo ziwe mara mbili. Hapo panatulia. Kwa hiyo presha mara mbili, gesi iliyoyeyuka mara mbili, presha mara tano, gesi mara tano, mstari umenyooka. Mkemia William Henry wa Manchester, Uingereza, ndo aliyeipima hiyo na kuitangaza mwaka 1803, na mpaka leo inaitwa kanuni ya Henry.

Ila kila gesi na bei yake. Kwa maji ya nyuzi 25, gesi ikiwa tupu kwa presha ya atmosfia 1 (yaani presha ya kawaida ya hewa usawa wa bahari), lita moja ya maji inabeba takribani gramu 1.45 za kabonidayoksaidi, miligramu 40 za oksijeni na miligramu 18 hivi za nitrojeni. Tazama tofauti hiyo, kabonidayoksaidi imeipita oksijeni zaidi ya mara 30. Ndo maana soda zinatiwa kabonidayoksaidi, ungetia oksijeni kwa presha ile ile ungepata maji yenye viputo vichache vya kuhurumiwa.

Hatua ya 2: leta joto

Anza na sufuria maana ni ya bure. Jaza maji baridi ya bomba, weka kwenye moto mdogo, usiondoke. Kabla hata hayajawa ya kuunguza kidole utaona viputo vidogo vimeganda chini na pembeni ya sufuria. Wengi hudhani ndo yanaanza kuchemka, wapi, maji yako mbali sana na nyuzi 100. Ile ni hewa iliyokuwa imeyeyuka ndani inafukuzwa. Unataka uhakika? Yaache yachemke dakika kadhaa, funika, yapoe kabisa bila kuyakoroga, alafu yapashe tena polepole. Viputo vile vya mwanzo vitakuwa vichache mno, kwa sababu hewa ilishaondoka na haijapata nafasi ya kurudi. (Ukitaka kuirudisha mimina maji hayo kutoka chombo kimoja kwenda kingine mara kadhaa kwa kimo cha juu. Na usiweke samaki kwenye maji yaliyochemshwa yakapoa tu, watakosa pumzi.)

Sasa maputo. Toa chupa mbili za soda kwenye friji zikiwa na ubaridi sawa, fungua, haraka haraka valisha kila mdomo puto. Moja iweke kwenye bakuli la maji ya moto ya kama nyuzi 50, nyingine kwenye maji ya barafu. Zipe dakika ishirini hivi. Puto la chupa ya moto litavimba, la kwenye barafu litakuwa limenyanyuka kidogo tu. Usidanganyike kwamba ni gesi kutanuka kwa joto, gesi ikitoka nyuzi 5 kwenda 50 inatanuka kama asilimia 16 tu, hiyo haiwezi kujaza puto. Iliyobaki yote imetoka kwenye soda.

Kwa nini joto linaifukuza? Gesi inapoyeyuka kwenye maji huwa inatoa joto kidogo, maana molekuli ikitulia katikati ya maji inapoteza nishati. Kuitoa humo ni lazima uirudishie ile nishati, na joto ndo nishati yenyewe. Ukipasha unaziwezesha nyingi zaidi kukatika na kutoka, huku zinazoingia haziongezeki kiasi hicho. Kwa hiyo mizani inaelemea upande wa kutoka.

Namba za kushika, hizi ni za kabonidayoksaidi tupu kwa atmosfia 1, gramu kwa lita ya maji:

nyuzi 0: 3.3
nyuzi 5: 2.8
nyuzi 20: 1.7
nyuzi 25: 1.45
nyuzi 30: 1.26

Na hizi ni oksijeni kwenye maji yasiyo na chumvi yaliyoachwa wazi kwenye hewa ya kawaida usawa wa bahari, miligramu kwa lita:

nyuzi 0: 14.6
nyuzi 10: 11.3
nyuzi 20: 9.1
nyuzi 25: 8.3
nyuzi 30: 7.6

Angalia kitu kimoja, presha inaenda kwa mstari ulionyooka lakini joto haliendi hivyo. Kutoka 0 mpaka 10 umepoteza oksijeni zaidi ya miligramu 3, kutoka 20 mpaka 30 umepoteza 1.5 tu. Kwa hiyo kupoza maji ambayo tayari ni baridi kunalipa kuliko kupoza maji ya uvuguvugu kwa nyuzi zile zile.

Hatua ya 3: pima gramu

Hii ndo naipenda kuliko zote maana inamaliza ubishi. Chukua chupa ya nne, ya nusu lita, ipime kwenye mzani ikiwa imefungwa, andika. Ifungue taratibu sana isimwagike hata tone, iache ikae wazi kwenye meza, kila baada ya muda ipime ikiwa na kizibo chake kando juu ya mzani. Uzito unashuka. Ukichoka kusubiri itikise kidogo kidogo, ukiifungua na kuifunga, ila ukimwaga umeharibu. Soda ya kawaida inaweza kuwa na gramu 7 hivi za kabonidayoksaidi kwa lita, kwa hiyo chupa yako ya nusu lita ina gramu kama 3.5 za kupoteza. Gesi ya gramu 7 ukiitandaza kwa presha ya kawaida nyuzi 25 ni karibu lita 4. Yaani kila lita ya soda imemeza lita nne za gesi na chupa haijawa kubwa.

Hatua ya 4: hesabu ya chupa

Kama umeshika zile namba za juu, presha iliyo ndani ya chupa unaipata kwa kugawanya tu. Gramu 7 kwa lita, kwenye friji nyuzi 5: 7 gawanya kwa 2.8, unapata atmosfia 2.5. Chupa hiyo hiyo mezani nyuzi 25: 7 gawanya kwa 1.45, karibu 4.8. Imeachwa kwenye gari lililofungwa juani na nyuzi zikapita 30? Inavuka 5.5 na kuendelea. Kwa uhalisia inakuwa chini kidogo ya hapo kwa sababu gesi kidogo inahamia kwenye ile nafasi ya juu na kupunguza iliyo kwenye soda, lakini picha ndo hiyo. Presha imeongezeka karibu mara mbili na hakuna mtu aliyeongeza gesi yoyote. Ndo sababu ya kukukataza chupa za kioo, na ndo sababu ya kutopasha moto chupa yoyote ya soda iliyofungwa, hata ya plastiki, hata kidogo. Kwenye friza nako usiisahau, maji yakiganda barafu haitaki gesi, yote inasukumwa kwenye kimiminika kilichobaki na nafasi ya juu inaliwa na barafu inayotanuka.

Hesabu hiyo hiyo inakuambia pia kama unatia maji gesi nyumbani kwa mashine, poza maji kwanza mpaka yakaribie kuganda ndipo utie gesi. Kwa presha ile ile maji ya nyuzi 5 yanameza karibu mara mbili ya maji ya nyuzi 25. Watu wanatia gesi maji ya uvuguvugu alafu wanaweka kwenye friji, wamepoteza mtungi bure.

Hatua ya 5: presha ya gesi ipi?

Sasa tumefika kwenye swali langu. Kuna vile vipampu vidogo vya kufunga juu ya chupa ya soda, unasukuma sukuma mpaka chupa inakuwa ngumu kama jiwe, eti inahifadhi gesi. Chupa ni ngumu kweli, presha ipo, kila kitu kinaonekana sawa. Lakini umesukuma nini humo? Hewa. Na hewa ni nitrojeni asilimia 78, oksijeni 21, kabonidayoksaidi ni asilimia 0.04 tu. Kabonidayoksaidi iliyoko ndani ya soda haijali presha ya nitrojeni, inachojali ni presha ya kabonidayoksaidi mwenzake iliyo juu ya soda. Kwenye mchanganyiko kila gesi inahesabiwa kivyake kana kwamba nyingine hazipo. Kwa hiyo itaendelea kutoka mpaka presha yake yenyewe kwenye ile nafasi ilingane na iliyobaki ndani, pampu au bila pampu. Pengine inaichelewesha kidogo, lakini mwisho wa safari ni ule ule. Kilichozuia gesi ni kizibo, pampu ni mapambo.

Kuna na ile mbinu ya kubinya chupa ya plastiki ili kutoa hewa kabla ya kufunga. Inaonekana akili sana, nafasi ndogo gesi ndogo ya kuijaza. Ila chupa inataka kurudi umbo lake, na ikirudi nafasi inapanuka na presha ndani inakuwa ndogo kuliko ambayo ingekuwepo usingeigusa, gesi inakaribishwa itoke. Ukitaka soda idumu: ifunge mara moja, iweke kwenye baridi kabisa, na kama imebaki kidogo ihamishie taratibu kwenye chupa ndogo inayojaa mpaka karibu na mdomo.

Na soda iliyoachwa wazi siku nzima itaishia wapi? Zidisha 1.45 kwa 0.0004, unapata gramu 0.0006 kwa lita, chini ya miligramu moja. Kutoka gramu 7. Haina kupona hiyo.

Hatua ya 6: kwa nini haitoki yote mara moja

Ukishafungua chupa, kwa hesabu gesi karibu yote inatakiwa iwe nje, na bado soda inakaa na ukali wake saa nzima au zaidi. Shida ni kwamba kiputo hakiwezi kuanza kutoka patupu, kikiwa kidogo sana mvuto wa uso wa maji unakiminya mpaka kinarudi kuyeyuka. Kinahitaji pa kuanzia, yaani kijimfuko cha gesi kilichonasa kwenye mkwaruzo, kwenye uzi wa vumbi, kwenye punje ya chumvi au sukari. Tupia punje chache za chumvi kwenye glasi ya soda uone fujo. Chupa ikitikiswa, ile gesi ya juu inavunjwa kuwa vijiputo maelfu ambavyo vinabaki humo vikisubiri, presha haipandi kwa kutikisa kama watu wanavyodhani, ukifungua tu kila kijiputo kinakuwa mlango. Kwa hiyo iliyotikiswa iache isimame dakika chache vijiputo vipande juu, ikiwezekana iwe kwenye baridi, gonga pembeni kama unaona vimeganda kwenye ukuta, alafu zungusha kizibo robo mzunguko, subiri, robo tena.

Hatua ya 7: peleka kwenye samaki

Hapa ndo elimu hii inaokoa mali. Oksijeni ya samaki ni ile iliyoyeyuka, na kwa ufugaji wa kawaida unataka ibaki juu ya miligramu 5 kwa lita, ikishuka kwenye 2 au 3 wengi wanaanza kuteseka. Angalia tena namba: maji ya nyuzi 30 yakijaa kabisa yana 7.6. Yaani nafasi ya kuchezea ni ndogo tayari, na samaki kwenye joto anapumua kwa kasi zaidi, kwa hiyo joto linampunguzia akiba huku likimwongezea matumizi.

Ongeza na mwinuko. Bwawa lililo kwenye mita 1,500 juu ya usawa wa bahari lina presha ya hewa kama 0.83 ya ile ya pwani, kwa hiyo maji ya nyuzi 25 yatajaa kwenye 8.3 mara 0.83, karibu 6.9. Ongeza na chumvi, maji ya bahari ya nyuzi 20 yanabeba kama 7.4 badala ya 9.1, kwa sababu chumvi inayashughulisha maji na gesi inakosa nafasi.

Mchana mimea midogo ya majini inatengeneza oksijeni na inaweza hata kuzidisha kiwango cha kujaa, usiku haitengenezi, inatumia kama wengine wote, kwa hiyo kiwango cha chini kabisa kinakuja alfajiri. Kwa hiyo fanya hivi:

Pima alfajiri, kipimo cha saa nane mchana kitakupa moyo wa bure.

Mashine ya hewa iwashe usiku kucha mpaka jua litoke, na ipendelee viputo vidogo vidogo au maji yanayorushwa juu, maana kinachofanya kazi ni eneo la maji na hewa kukutana.

Elewa mpaka wa mashine. Kama maji yako ni nyuzi 30, ukiyapuliza hewa mwaka mzima hayatapita 7.6. Mashine inakufikisha kwenye kujaa haraka, haikuvushi. Kuvuka unahitaji kimoja kati ya viwili, upoze maji (kivuli, maji mapya ya baridi, kina kirefu zaidi) au ubadilishe gesi. Swali letu tena, presha ya gesi ipi: hewa ina oksijeni asilimia 21, ukiweka oksijeni tupu juu ya maji hayo hayo kwa presha ile ile, kiwango cha kujaa kinapanda karibu mara tano, kama miligramu 36. Ndo maana vifaranga vya samaki vikisafirishwa vinafungwa kwenye mifuko ya plastiki iliyojazwa oksijeni, na mifuko ikakaa kwenye ubaridi, hapo umevuta kamba zote mbili kwa pamoja.

Hatua ya 8: mwili wa mzamiaji

Damu na misuli nayo ni maji maji. Kila mita 10 za bahari zinaongeza atmosfia 1 hivi, kwa hiyo mita 30 chini mzamiaji yuko kwenye atmosfia 4 na hewa anayovuta iko kwenye presha hiyo hiyo. Nitrojeni inaingia mwilini polepole kuelekea mara nne ya kawaida, haimdhuru kwa kuwepo tu (ingawa akizidi kina inamlevya). Balaa ni kupanda kwa pupa. Ni ile pistoni yetu ikivutwa ghafla, viputo vinazaliwa kwenye viungo, kwenye mishipa, hata kwenye uti wa mgongo. Mwanasayansi John Scott Haldane mwaka 1908 alitoa majedwali ya kupanda kwa vituo, na wazo ni lile lile leo: panda taratibu, wengi wanashauri kama mita 9 kwa dakika, simama dakika 3 kwenye mita 5, na usipande ndege mapema, angalau masaa 12 baada ya mzamo mmoja wa kawaida na masaa 18 ukizamia mara nyingi, maana ndani ya ndege presha ni ndogo kuliko ya chini. Aliyepatwa anapewa oksijeni na kuingizwa kwenye chumba cha presha, yaani anasukumiwa pistoni upya alafu inaachiwa kidogo kidogo kwa masaa.

Hatua ya 9: ziwa zima

Ziwa Nyos la Kameruni lina kina cha zaidi ya mita 200. Kabonidayoksaidi ya volkano inaingia kutoka chini, na kule chini presha ni zaidi ya atmosfia 20, kwa hiyo maji yanameza na kumeza bila dalili yoyote juu. Usiku wa tarehe 21 Agosti 1986 maji ya chini yalipanda. Yalipopanda presha ikapungua, viputo vikatokea, viputo vikayafanya yawe mepesi yakapanda zaidi, presha ikapungua zaidi, ikawa haina breki. Wingu la gesi nzito kuliko hewa likashuka mabondeni na kuua watu wapatao 1,700, wengine wakiwa zaidi ya kilomita 20 kutoka ziwani.

Tangu 2001 kuna bomba limesimikwa mpaka chini. Kuanzisha unapampu kidogo tu, maji ya chini yakishapanda ndani ya bomba yanatoa viputo na viputo vyenyewe ndo vinavuta maji mengine, pampu unazima na mrija unaendelea kurusha maji peke yake. Kilichoua ndo hicho hicho kinachofanya kazi, tofauti ni kwamba kimefungiwa kwenye bomba.

Ziwa Kivu, kati ya Rwanda na Kongo, lina kabonidayoksaidi na methani (gesi inayowaka) nyingi ajabu, na huko methani inavunwa kuzalishia umeme. Wanavuta maji ya kina, yakipanda presha inashuka na gesi zinachomoka. Methani haipendi maji kama kabonidayoksaidi inavyoyapenda, kwa hiyo gesi iliyotoka inaoshwa kwa maji: kabonidayoksaidi inarudi kuyeyuka, methani inabaki juu. Ukikumbuka zile namba za hatua ya kwanza, kila gesi na bei yake, hapo ndo zinageuka mtambo.

Mahali kanuni inapokataa

Usiibebe kila mahali. Mstari wa Henry umenyooka kwa presha za kawaida na kwa gesi zinazoyeyuka bila kuungana na maji. Amonia na haidrojeni kloraidi zinaungana na maji, kwa hiyo zinayeyuka kwa wingi kupita hesabu yoyote ya kugawanya na kuzidisha, na kabonidayoksaidi nayo ikiwekwa kwenye maji yenye magadi itaingia zaidi kwa sababu inaliwa na kemikali. Heliamu na haidrojeni nazo zina vituko, kiasi chake kinachoyeyuka kwenye maji kinashuka joto likipanda mpaka sehemu fulani, alafu kinaanza kupanda. Na kwenye vimiminika vingine visivyo maji, vile vya kiwandani, kuna gesi ambazo ukipasha moto ndo zinayeyuka zaidi, kwa hiyo huko tafuta jedwali la kimiminika chenyewe kabla ya kuwasha jiko.